Ramani ya London ya Mwaka 1593 na Nembo za Vyama Kumi na Viwili vya Wafanyabiashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu ramani moja ndogo ya jiji la London, iliyochorwa na John Norden na kuchapishwa mwaka 1593, ambayo pembeni mwake zimepangwa nembo za vyama kumi na viwili vikubwa vya wafanyabiashara wa jiji hilo. Maswali yaliyokusanywa hapa yanatoka kwa wanafunzi wa historia, watu waliorithi au kununua karatasi za zamani, na wasomaji ambao wameiona picha ya ramani hiyo wakataka kuielewa. Jambo ninalolisisitiza katika majibu yote ni kwamba nembo hizo hazikuwekwa ili kujaza nafasi iliyobaki wazi. Mitaa inamwonyesha msomaji jiji lilivyojengwa, na nembo zinamwonyesha jiji hilo lilikuwa mikononi mwa nani.

Ramani hii ilitoka wapi, na nani aliyeitengeneza?

Ilitoka ndani ya kitabu. John Norden, mpimaji ardhi Mwingereza, alikuwa na mpango wa kueleza kila jimbo la Uingereza kwa maandishi na kwa ramani katika mfululizo alioupa jina la Kilatini *Speculum Britanniae*. Sehemu ya kwanza, iliyohusu jimbo la Middlesex, ilitoka mwaka 1593, nayo ilikuwa na ramani ya jimbo lenyewe, ramani ya Westminster na hii ya London. Norden hakuwahi kuumaliza mpango wake. Fedha zilimwishia, wafadhili walikuwa wazito wa kutoa, na katika uhai wake ni majimbo mawili tu ya mfululizo huo yaliyochapishwa, yaani Middlesex mwaka 1593 na Hertfordshire mwaka 1598.

Mchongaji wa bamba la shaba lililotumika kuichapa ramani alikuwa Pieter van den Keere, kijana aliyezaliwa Ghent mwaka 1571 na kukimbilia London mwaka 1584 pamoja na dada yake, wakati vita na mateso ya kidini vilipokuwa vikiwafukuza watu wengi katika nchi yao. Dada huyo aliolewa na Jodocus Hondius, mchongaji mwingine mkimbizi ambaye baadaye alipata sifa kubwa Amsterdam. Inafaa tulikumbuke hili tunapoitazama ramani hii inayolisifu jiji la Waingereza, kwa kuwa mkono ulioichonga ulikuwa wa mgeni aliyepewa hifadhi.

Vyama hivyo vilikuwa vyama vya namna gani?

Vilikuwa vyama vya watu wa kazi moja au biashara moja, waliopewa hati ya mfalme ya kujisimamia. Chama kiliamua nani aruhusiwe kufanya kazi hiyo ndani ya jiji, kilikagua ubora wa bidhaa na usahihi wa mizani, kiliwatoza faini wadanganyifu, kiliwazika wanachama wake na kuwatunza wajane na yatima. Kijana aliyetaka kuingia alifungwa kwa mkataba kwa fundi au mfanyabiashara kwa muda usiopungua miaka saba, na alipomaliza alikubaliwa kuwa mwanachama huru wa chama, na kwa njia hiyo akawa raia huru wa Jiji.

Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yenyewe. Bila uanachama huo mtu hakuweza kufungua duka ndani ya Jiji wala kupiga kura katika mambo yake. Meya wa London alitoka miongoni mwa wanachama wa vyama, na kwa desturi iliyodumu hadi mwaka 1742 alitakiwa kuwa mwanachama wa mojawapo ya vile kumi na viwili vikubwa. Ikiwa alichaguliwa mtu wa chama kidogo, alihamia kwanza katika chama kikubwa ndipo akashika madaraka. Kwa hiyo anayeziona nembo hizi kumi na mbili pembeni mwa ramani anaiona milango yote ambayo Meya angeweza kupitia.

Ni vyama gani hivyo kumi na viwili, na kwa nini viwe hivyo na si vingine?

Mpangilio wa heshima uliamuliwa na baraza la wakuu wa Jiji mwaka 1515, na umebaki hivyo hadi leo. Kwanza wanakuja Mercers, wafanyabiashara wa hariri na vitambaa vya thamani. Wa pili ni Grocers, waliouza viungo kwa jumla. Wa tatu Drapers, wauza nguo za sufu. Wa nne Fishmongers, wauza samaki. Na wa tano Goldsmiths, masonara. Nafasi ya sita na ya saba ni za Skinners, wauza ngozi za manyoya, na Merchant Taylors, mafundi na wauza mavazi. Wanafuata Haberdashers, waliouza kofia na vifaa vidogo vya mavazi, Salters wa chumvi, Ironmongers wa vyuma na Vintners wa mvinyo. Wa mwisho ni Clothworkers, waliokuwa wakimalizia nguo baada ya kufumwa, nao walikuwa wapya kabisa, kwa maana chama chao kilizaliwa mwaka 1528 kwa kuunganisha vyama viwili vya awali, kikairithi nafasi ambayo kimoja kati ya hivyo kilipewa mwaka 1515.

Kipimo hakikuwa umri. Wafumaji, yaani Weavers, wana hati ya mwaka 1155, ya zamani kuliko ya yeyote kati ya hao kumi na wawili, lakini hawamo katika orodha hiyo. Kilichopimwa ni utajiri na uzito wa chama katika siasa za Jiji wakati ule. Hata Stationers, wenye hati ya mwaka 1557 na walioshika mamlaka juu ya uchapishaji wa vitabu London, hawana ngao kati ya zile kumi na mbili, ingawa kitabu kilichoibeba ramani hii kilitoka katika jiji ambalo biashara ya vitabu ilikuwa chini yao.

Je, ni kweli kwamba vyama viliwahi kugombania nafasi katika mpangilio huo?

Ni kweli, na ugomvi unaojulikana zaidi ni ule wa Skinners na Merchant Taylors, ambao kila upande ulidai kutangulia katika maandamano ya Jiji. Mwaka 1484 Meya Robert Billesdon aliwapatanisha kwa uamuzi wa busara: wapokezane nafasi ya sita na ya saba mwaka hadi mwaka, na kila chama kikialike kingine kwa chakula. Wanapokezana hadi leo, na karamu hizo bado zinafanyika. Kwa msomaji wa ramani, kisa hiki kinaeleza kwa nini mahali ngao ilipokaa palikuwa jambo zito. Mtu wa London wa mwaka 1593 angetazama kwanza nani yuko juu ya nani, kabla hata hajautafuta mtaa wake.

Kwa nini Norden aliziweka nembo hizo kwenye ramani?

Desturi ya kupamba ramani kwa nembo za watawala ilikuwepo tayari, na wachoraji wengi waliweka nembo ya mfalme au ya mji. Norden alikwenda hatua moja zaidi kwa kuwapa wafanyabiashara pande zote mbili za karatasi. Kwa maoni yangu alikuwa na sababu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni ya ukweli wa mambo: huwezi kueleza London bila vyama vyake, na Norden alikuwa akiandika maelezo ya nchi, si kuchora njia tu. Ya pili ni ya riziki. Mtu anayetafuta wanunuzi na wafadhili wa kazi ndefu na ya gharama hupenda kuwaonyesha wenye fedha kwamba anawatambua, na London hapakuwa na wenye fedha taslimu kuliko watu waliokaa chini ya ngao hizo.

Wapo wanaoiona sababu hiyo ya pili kuwa inaipunguzia ramani heshima. Mimi naona inaiongezea thamani, kwa sababu inatuachia ushahidi wa nani alistahili kubembelezwa.

Nembo hizo zinasomwaje na mtu asiyejua kanuni za nembo za Ulaya?

Anza na bidhaa. Nembo nyingi za vyama hivi zilitungwa ili hata asiyejua kusoma aitambue biashara kwa jicho. Vintners wana mapipa matatu ya mvinyo, mawili juu na moja chini, yakitenganishwa na utepe wenye umbo la V iliyopinduliwa. Salters wana vyombo vitatu vya chumvi vyenye vifuniko. Ironmongers wana vipande vya chuma cha pua na viungo vya mnyororo. Goldsmiths wana kikombe chenye kifuniko, bizimu, na uso wa chui, na uso huo ndio alama iliyogongwa juu ya vyombo vya fedha vilivyopimwa na kukubaliwa tangu mwaka 1300. Katika ngao hiyo, basi, sonara alikuwa akionyesha mhuri wake wa uaminifu.

Ngao ya Clothworkers inastahili kutazamwa kwa lenzi. Juu ya utepe wake ziko kulabu mbili za chuma, zilizotumika kushikilia nguo iliyotandazwa mezani wakati wa kukata vinyweleo vyake, na chini liko ua la mmea wenye miiba midogo iliyopinda. Fundi aliupitisha mmea huo juu ya sufu ili kuamsha nyuzi, kisha akazinyoa kwa mkasi mkubwa hadi nguo ikawa laini. Kazi nzima ya kiwanda imo ndani ya ngao isiyozidi upana wa ukucha wa kidole gumba.

Nembo nyingine zinahitaji maelezo ya dini au ya heshima. Fishmongers wana pomboo na samaki wa mtoni waliovikwa taji, na juu yao funguo zilizopishana za Mtakatifu Petro, mvuvi aliyekuwa mlinzi wao. Drapers wana mawingu yanayotoa miale ya jua, juu yake mataji matatu yaliyopandana. Nembo yao ilitolewa rasmi mwaka 1439, na ndiyo ya kwanza inayojulikana kutolewa kwa chama badala ya mtu. Skinners wana manyoya meupe yenye ncha nyeusi, ambayo sheria iliyahifadhi kwa wakubwa. Mercers wana picha ya msichana mwenye taji akitokeza katika mawingu. Kwao kuna jambo la ajabu kidogo, kwa sababu walitumia picha hiyo kwenye muhuri wao kwa karne nyingi, lakini hawakupewa nembo rasmi hadi mwaka 1911. Hivyo basi, kuwepo kwa ngao kwenye ramani ya zamani ni ushahidi kwamba chama kiliitumia, wala hakutoshi kuthibitisha kwamba kilikuwa na hati yake.

Kuna ngao yenye karafuu. Je, zilitoka Zanzibar?

Hapana, ingawa swali hili linaeleweka kabisa kwa msomaji wa pwani yetu. Ngao ya Grocers ina utepe mwekundu juu ya uwanja mweupe, na karafuu tisa nyeusi: sita juu ya utepe na tatu chini yake. Chama hicho kilitokana na wauza pilipili manga wa London, waliokuwa na umoja wao tangu karne ya 12, na juu ya ngao yao huwekwa ngamia aliyebeba mizigo, kwa heshima ya misafara iliyoleta viungo hadi bandari za Mediterania.

Karafuu za wakati huo zilitoka visiwa vya Maluku, katika nchi inayoitwa leo Indonesia, na biashara yake ya baharini ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wareno. Mkarafuu ulipandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 tu, yaani zaidi ya miaka mia mbili baada ya ramani hii.

Uhusiano wa kweli na Unguja upo, ila unapita njia nyingine. Wakati Norden akiandaa kitabu chake, meli ya Kiingereza *Edward Bonaventure*, chini ya nahodha James Lancaster, ilikuwa imetia nanga Zanzibar kuanzia Novemba 1591 hadi Februari 1592, ikingojea upepo ili iendelee kuelekea Bahari ya Hindi ya mashariki. Meli hiyo ilitafuta njia ya moja kwa moja ya kufikia viungo vilevile vilivyochorwa kwenye ngao ya Grocers. Lancaster alikuwa mwanachama wa Skinners, ambao ngao yao imo pia kwenye ramani, na ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki mwaka 1601. Wafanyabiashara walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1600 walikuwa watu wa vyama hivihivi. Yaani ngao za pembeni zinaelekeza jicho hadi kwenye maji ya Unguja, mbali sana na ukingo wa karatasi.

Nakala niliyoona ina rangi nzuri sana. Je, rangi hizo ni za asili?

Ramani ilichapishwa kwa wino mweusi peke yake. Rangi yoyote iliyopo ilipakwa kwa mkono, ama na mnunuzi wa zamani ama, mara nyingi zaidi, na muuzaji wa karne ya 19 au 20 aliyetaka kuipendezesha. Hapa nembo zinakuwa msaada mkubwa kwa mkaguzi, kwa sababu kila nembo ina rangi zake zilizowekwa na kanuni. Karafuu za Grocers ni nyeusi, uwanja wa Vintners ni mweusi na mapipa yake ni meupe, na mawimbi ya Haberdashers ni meupe na ya buluu, yakikatwa na utepe mwekundu wenye simba wa dhahabu. Ukikuta karafuu za kijani au uwanja wa Vintners wenye rangi ya waridi, jua kwamba mpakaji alikuwa akibuni.

Mfumo wa kuonyesha rangi za nembo kwa mistari, yaani mistari ya wima kwa nyekundu, ya mlalo kwa buluu na nukta kwa dhahabu, ulienea kupitia kitabu cha Silvester Petra Sancta cha mwaka 1638. Bamba la Norden ni la zamani zaidi ya hapo. Kwa hiyo mistari iliyomo ndani ya ngao zake isisomwe kwa ufunguo huo, kwa kuwa mchongaji aliitumia kuleta kivuli tu.

Ndani ya ramani kwenyewe kuna nini cha kutazama?

Mto Thames unapita katikati, ukivukwa na daraja moja tu lenye nyumba juu yake, kwa kuwa London haikuwa na daraja jingine hadi karne ya 18. Kaskazini mwa mto liko Jiji lenye kuta, na katikati yake barabara pana ya Cheapside, ambako masonara walikuwa na maduka yao na ambako vichochoro vya jirani, kama Ironmonger Lane, Bread Street na Milk Street, bado vina majina ya biashara zilizofanyika humo.

Ng'ambo ya kusini, Bankside, Norden ameandika majina mawili yanayopendwa sana na wanahistoria wa maigizo: “The Beare howse”, palipokuwa na mchezo wa kupambanisha dubu na mbwa, na “The play howse”, ambalo ni jumba la maigizo la Rose lililojengwa mwaka 1587. Jumba la Globe halimo, kwa sababu lilijengwa mwaka 1599. Misingi ya Rose ilifukuliwa mwaka 1989 wakati wa ujenzi wa ofisi, na ramani hii ilikuwa miongoni mwa hati chache za zama zake zilizoonyesha mahali pake.

Tahadhari moja ni muhimu kwa ramani zote za zamani: mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa mambo yaliyochorwa. Ramani ya London iliyotoka Cologne mwaka 1572 katika juzuu la kwanza la kitabu cha picha za miji cha Braun na Hogenberg bado inaonyesha mnara mrefu wenye ncha wa kanisa kuu la St Paul's, ilhali mnara huo uliungua kwa radi mwaka 1561. Waliichora kwa kufuata kazi ya miaka ya 1550. Anayeipokea ramani hiyo kama picha ya mwaka 1572 atakuwa amedanganyika.

Miji ya pwani ya Afrika Mashariki ilichorwa katika ramani za aina hii?

Ilichorwa, na katika juzuu lilelile la mwaka 1572 lenye London. Bamba moja linaonyesha kwa pamoja Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ni picha za miji kama inavyoonekana kutoka baharini au kutoka juu, na zilichorwa na watu waliotegemea taarifa za Wareno. Hazina nembo za vyama vya wafanyabiashara, kwa sababu miji hiyo haikutawaliwa kwa vyama vya namna ya London. Mtu anayependa historia ya pwani anastahili kuziweka picha hizo mbele yake pamoja na ile ya London kutoka kitabu hichohicho, ambayo ina maandishi marefu ya kuwasifu wafanyabiashara wa Hansa wa Ujerumani waliokuwa na makao yao kando ya Thames. Wachapishaji wa Cologne waliwafahamu wafanyabiashara hao kwa karibu, lakini wafanyabiashara wa Kilwa na Mombasa hawakuwafahamu hata kidogo, na pengo hilo linaonekana wazi katika kurasa zao.

Nitajuaje kama karatasi niliyo nayo ni ya mwaka 1593?

Kwanza tafuta alama ya bamba. Ramani ya bamba la shaba ilichapwa kwa kuijaza wino mistari iliyochongwa, kuufuta uso wa bamba, kisha kuikandamiza karatasi yenye unyevu kwa mashine yenye roli nzito. Shinikizo hilo huacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha, na mistari ya wino huinuka kidogo kiasi cha kuhisiwa kwa ncha ya kidole kilicho safi na kikavu. Picha iliyotolewa kwa mashine ya kisasa ni bapa, na chini ya lenzi inaonekana kuwa mkusanyiko wa nukta.

Pili, inua karatasi mbele ya mwanga. Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa mkono kutokana na vitambaa chakavu, na waya za chekeche ziliacha mistari inayoonekana mwangani. Karatasi isiyo na mistari yoyote, yenye unene sawa kila mahali, ni ya zama za baadaye.

Tatu, soma maandishi yote, na usiruke jina la mchongaji. Kazi ya Norden iliendelea kutumika baada yake. Mwaka 1653 Peter Stent alitoa ramani iliyotokana nayo, akiinadi kwa watu wa mashambani ili wasipotee jijini. Mwaka 1723 kitabu cha Norden kilichapishwa upya, na karatasi za toleo hilo huuzwa mara nyingi kwa kutajwa jina la Norden peke yake. Hizo nazo ni za zamani na zina thamani yake, ila si za mwaka 1593, na muuzaji anayeficha tofauti hiyo hafai kuaminiwa hata kwa mengine.

Nne, tafuta mikunjo. Ramani ilikuwa ndogo na ilikunjwa ndani ya kitabu, kwa hiyo karatasi ya kweli kwa kawaida ina alama za kukunjwa na ukingo mmoja uliokatwa au kuchanika ilipotolewa kwenye mshono.

Je, ni sawa kununua ramani iliyokatwa kutoka kitabuni?

Karatasi nyingi zilizoko sokoni zilitengwa na vitabu vyake zamani sana, na anayezinunua leo hajavunja sheria kwa kuzinunua. Lakini kukata kitabu kizima leo ili kuuza ramani zake moja moja ni uharibifu, na nausema wazi kwa sababu maelezo ya Norden na ramani zake vilitungwa visomwe pamoja. Mbaya zaidi ni wizi. Mwaka 2006 mfanyabiashara mmoja wa ramani nchini Marekani alihukumiwa kifungo baada ya kukiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba kubwa za Marekani na Uingereza, nyingine akizikata kwa wembe akiwa ameketi katika chumba cha kusomea. Kwa hiyo muulize muuzaji ramani imepitia kwa nani, taka maelezo hayo kwa maandishi, na tazama kama kuna muhuri wa maktaba uliosuguliwa au kufutwa. Asiyeweza kueleza ilikotoka, mwachie karatasi yake.

Ninaishi pwani penye joto na unyevu. Niitunzeje?

Maadui wakuu ni unyevu, mwanga na wadudu. Unyevu wa hewa unaofaa karatasi ni kati ya asilimia 35 na 55, kiwango ambacho Mombasa, Tanga au Unguja hukivuka karibu mwaka mzima, kwa hiyo usiitundike kwenye ukuta wa nje, bafuni wala jikoni. Iweke katika bahasha au jalada la karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mahali ambapo hewa inapita. Fungua sanduku kila baada ya wiki chache na ukague kama kuna madoa ya ukungu, vumbi la mchwa au mashimo madogo kwenye kingo. Dawa ya kupulizia wadudu isiguse karatasi kabisa.

Ukitaka kuitundika, tundika picha nzuri ya kuchapishwa na uiweke ya asili gizani. Usiibandike kwa gundi wala selotepu, usiifanyie laminesheni, na ukihitaji kuandika chochote, andika nyuma kwa penseli laini. Mpasuko uachie mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, kwa kuwa selotepu ya leo ndiyo doa la kahawia la miaka kumi ijayo.

Vyama vile bado vipo?

Vipo vyote kumi na viwili, pamoja na vingine vinavyofanya jumla ipite 110. Moto mkubwa wa mwaka 1666 uliteketeza kumbi 44 za vyama, nyingi zikajengwa upya, na baadhi zikaharibiwa tena kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Vingi havisimamii tena biashara za majina yake, bali vinaendesha shule, nyumba za wazee na mifuko ya hisani. Goldsmiths bado wanapima na kugonga alama vyombo vya dhahabu na fedha, na Fishmongers bado wana wakaguzi wa samaki. Nembo zao ni zilezile, na mgeni anayepita leo mitaa ya Jiji atazikuta zimechongwa juu ya milango na kwenye kuta.

Naweza kuiona wapi ramani yenyewe?

Nakala za kitabu cha mwaka 1593 zimo katika British Library mjini London na Folger Shakespeare Library mjini Washington, miongoni mwa maktaba nyingine. Picha zake zenye ubora mzuri hupatikana bure kwenye intaneti, na kwa mtu aliye Dodoma, Kisumu au Bujumbura hiyo ndiyo njia rahisi. Unapoifungua, kuza picha hadi ngao moja ijae kwenye kioo, uitambue bidhaa iliyomo, kisha uitafute ndani ya ramani sehemu ya Jiji ambako bidhaa hiyo iliuzwa: samaki na mvinyo karibu na mto, dhahabu Cheapside. Chagua picha inayoonyesha karatasi nzima hadi ukingoni, kwa sababu picha nyingi zilizosambaa zimekatwa pembeni, na zilizokatwa hivyo zimepoteza nembo zote.